Amiri Aliyesema Lugha Yetu

(Mazungumzo ya radio, kama yalivyosomwa)

Sisi ni wale wale wawili, mume na mke.

Msikilizaji mmoja ametuandikia akauliza hivi: vita hivi vya siku hizi tunavyovisikia katika habari, vita vya kompyuta na vya uongo, vinamhusu nini mtu mwenye ng'ombe wawili na simu moja? Twampa asante kwa swali lake. Tumelifikiri juma zima, na jibu lake, kusema kweli, linatuaibisha sisi wenyewe. Lakini tutafika huko.

Tuanzie mbali, mwaka 701 kabla ya Kristo. Senakeribu mfalme wa Ashuru alikuwa ameingia nchi ya Yuda na jeshi kubwa. Miji yenye maboma ilikuwa imeanguka mmoja baada ya mwingine. Mmojawapo ni Lakishi, na picha za kuanguka kwake, ambazo mfalme huyo aliamuru zichongwe katika mawe, zipo hata leo katika jumba la makumbusho la Waingereza mjini London. Ulibaki Yerusalemu. Basi, kabla ya kuleta ngazi na magogo ya kubomolea ukuta, Senakeribu alileta mtu wa kusema. Habari zake zimo katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 18, nanyi mwaweza kuusoma mlango huo jioni ya leo.

Huyo amiri alisimama karibu na mfereji wa maji, mahali ambapo watu walioketi juu ya ukuta wangemsikia vizuri. Wajumbe watatu wa mfalme Hezekia wakatoka kumlaki. Amiri akaanza kunena, wala hakunena kwa lugha ya kwao. Alinena Kiyahudi, lugha waliyofundishwa watu wale na mama zao. Wajumbe wakaona hatari. Wakamsihi atumie Kiaramu, ambacho wao wakubwa walikifahamu, ili watu wa ukutani wasiyasikie maneno hayo. Akakataa kabisa, tena akapaaza sauti. Maana hakuja kwa ajili ya wajumbe. Alikuja kwa ajili ya yule askari wa kawaida mwenye njaa na mke na watoto nyumbani, aliyekuwa amechoka kulinda.

Na tazameni jinsi alivyoyapanga maneno yake. Alisema Misri haitawafaa kitu. Na hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Alisema mfalme wenu amebomoa mahali pa ibada. Ni kweli Hezekia alibomoa, ila amiri aliligeuza jambo hilo ili lionekane kama kosa mbele za Mungu. Kisha akasema ati Mungu wenu mwenyewe ndiye aliyenituma. Mwisho akawaahidi kila mtu matunda ya shamba lake na maji ya kisima chake, halafu, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, akaongeza kwamba baadaye atakuja kuwahamishia nchi nyingine. Ukweli kidogo, uongo kidogo, hofu nyingi, na asali juu yake.

Wataalamu wa usalama siku hizi wanaviita vita vya namna hii vita vya mseto. Sisi twaona jina hilo limefaa sana. Mama anayepika mseto huchanganya mchele na choroko, akaukoroga mpaka ukashikana, na ukiisha kuiva hakuna mtu awezaye kukutengea tena punje hii na ile. Ndivyo vilivyo vita hivi. Wamo askari, lakini hawana alama ya nchi yao. Zimo habari, nusu yake ni kweli. Wamo wezi wa kompyuta ambao hakuna serikali inayowakiri. Na mwenye kupigwa hajui hata kama amepigwa.

Chukueni nchi ndogo ya Estonia, huko kaskazini mwa Ulaya. Mwezi wa Aprili 2007 serikali yake iliamua kuihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji mkuu, Tallinn, mpaka katika makaburi ya wanajeshi. Wako Waestonia waliofurahi, wako raia wenye asili ya Kirusi walioumia sana. Uvumi ukaenea kwamba makaburi yamevunjiwa heshima. Palitokea ghasia usiku, na mtu mmoja akafa. Kisha, kwa muda wa majuma matatu hivi, kompyuta za serikali, za mabenki na za magazeti zikazidiwa na mashambulio ya intaneti. Hapakupigwa risasi mpakani. Lakini waliokuwa na ufa mdogo kati yao waliona ufa huo ukipanuliwa na mikono wasiyoiona.

Miaka saba baadaye, mwishoni mwa Februari 2014, watu wenye silaha na sare za kijani zisizo na alama yoyote walijitokeza katika rasi ya Crimea, nchini Ukraine, wakashika bunge na viwanja vya ndege. Ni nani hao? Rais Putin wa Urusi alisema mwanzoni kwamba ni walinzi wa mahali pale, na kwamba sare kama zile mtu aweza kuzinunua dukani. Mwezi wa Aprili alikiri kwamba askari wa Urusi walikuwako. Kufikia hapo rasi yote ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Wakati watu walipokuwa wakibishana hao ni akina nani, kazi ilikuwa inafanyika.

Tena kuna jambo la tarehe 27 Juni 2017, ambalo sisi hatulisahau kwa sababu linaigusa Afrika kwa njia ya ajabu. Makampuni mengi ya Ukraine yalikuwa yakitumia programu moja ya hesabu za kodi. Programu hiyo, kama programu zote, hupokea marekebisho mara kwa mara, na kompyuta huyapokea bila kuuliza, maana yanatoka kwa mtu inayemjua. Adui hakuvunja mlango wa kila kampuni. Aliingia kwa yule mtengenezaji wa programu, akatia sumu yake katika marekebisho, na milango ikamfungukia yenyewe. Sumu ile ilijifanya ni ya wezi wanaodai fedha ili wafungue kompyuta, lakini ilitengenezwa kuharibu, na aliyelipa hakurudishiwa kitu. Ikavuka mipaka. Kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilijikuta malori yamepanga foleni nje ya bandari zake na hakuna ajuaye kontena lipi lina nini. Ilibidi kampuni ijenge upya kompyuta zipatazo 45,000. Na ile nakala moja muhimu ya kuanzia, ambayo bila hiyo kazi ingekuwa ngumu mno, ilipatikana katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu saa ile ya shambulio umeme ulikuwa umekatika huko! Sisi tunaolalamika kila siku juu ya stima, tukumbuke jambo hilo. Mwaka 2018 serikali za Uingereza na Marekani zilisema kazi hiyo ilifanywa na jeshi la Urusi, Urusi ikakana.

Utasema, ndugu msikilizaji, hayo ni ya Wazungu na tofauti zao. La. Sisi Wakenya tulipita katika moto wa uchaguzi wa Desemba 2007, na kabla mwezi wa pili wa mwaka uliofuata haujaisha watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa, na mamia ya maelfu wamekimbia makao yao. Vita vile vilikuwa na sababu zake za zamani, za mashamba na za siasa, wala hatusemi kwamba simu ndizo zilizovianzisha. Lakini ujumbe wa chuki ulipita katika simu hizo, na baadhi ya vituo vya radio vya lugha za nyumbani vililaumiwa katika uchunguzi kwamba vilichochea watu. Sisi tunaosema katika radio hatuwezi kulipita jambo hilo haraka. Lugha ya nyumbani ndiyo lugha ya faraja. Mtu akifiwa huomboleza kwayo. Ndiyo maana yule amiri alikataa kusema Kiaramu.

Tena mwezi wa Julai 2023 tovuti ya eCitizen, ambayo wananchi huombea pasipoti na leseni na mambo mengine mengi ya serikali, ilishambuliwa. Kundi lijiitalo Anonymous Sudan likajigamba kwamba ndilo lililofanya. Njia yake ni rahisi kuieleza. Fikirini watu elfu kumi wasio na barua wala stempu wajipange posta, kila mmoja amwulize karani swali la upuuzi kisha arudi nyuma ya foleni. Posta haikuibiwa kitu, lakini mama aliyekuja na shida yake ya kweli hafiki dirishani. Serikali ilisema hakuna habari za watu zilizopotea. Lakini wako waliokwama mchana ule.

Sasa tumefika pale tulipowaambia kwamba tutafika.

Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi iliyotangulia Ijumaa Kuu, watu wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Waliwatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kuua. Walitaka vijana wale wafe; na walitaka pia sisi tuliobaki tutazamane kwa jicho jingine.

Mtaani kwetu palikuwa na duka la Msomali mmoja, mzaliwa wa Kenya kama sisi, mtu wa makamo. Alitukopesha unga, mafuta ya taa na sabuni miezi ambayo mshahara ulichelewa, na deni aliliandika katika daftari lenye jalada la buluu. Jumamosi ile usiku ujumbe uliingia katika simu yetu. Ulisema silaha zimefichwa katika duka la Msomali karibu na soko; ulisema habari zimethibitishwa na mkubwa fulani; ulisema tuma kwa wengine uokoe maisha. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili cha mtaani kwetu hasa, na soko lilitajwa kwa jina tunalolitumia sisi wenyeji tu.

Mmoja wetu alisema, "Huyu hawezi." Mwingine akasema, "Kwani tunamjua kiasi gani? Ni heri kuwaonya watu." Hatutawaambia ni nani alisema lipi, maana wote wawili tulikubaliana mwishowe. Tukautuma katika kikundi cha simu cha kanisa letu, chenye watu 63. Hatukuongeza neno hata moja. Ilitosha kwamba jina letu lilikuwa juu yake.

Kesho yake ni Pasaka. Baada ya ibada vijana walikusanyika mbele ya duka lile, na baadhi yao walikuwa wametoka kanisani kwetu. Mmoja alikuwa bado ameshika Biblia yake. Hawakumpiga yule mzee. Walipiga mlango wake mateke, wakampigia kelele. Polisi wakaja, wakapekua, wakatoa nje magunia ya sukari na katoni za sabuni mbele ya watu wote. Hapakuwa na kitu. Hakuna aliyemwomba radhi, na magunia alisaidiwa kuyarudisha ndani na mtoto wake wa kiume peke yake. Kabla ya mwezi kwisha alihama, akaenda na daftari lake. Wala hakuna mtu katika kanisa aliyetuuliza ujumbe ule sisi tuliutoa wapi.

Twawaambieni haya kwa sababu mwaka ule ule, tarehe 21 Desemba, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 2014, basi lilisimamishwa katika sehemu zile zile na abiria 28 wasio Waislamu wakauawa. Basi hawa wa Desemba walijua wanangojewa na nini. Wenye bunduki wakaamuru Waislamu wakae upande huu na Wakristo upande ule. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Waliwaambia wale watu kwamba ama wawaue wote pamoja ama wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku ile, na mwezi wa Januari 2016 akafa hospitalini mjini Nairobi.

Yeye na wenzake walikuwa na dakika chache tu, na bunduki mbele ya macho. Sisi tulikuwa na usiku mzima, tumeketi kitini, na kikombe cha chai.

Turudi ukutani Yerusalemu. Watu wale walifanya nini amiri alipomaliza? Walinyamaza. Mfalme alikuwa amewaagiza wasimjibu neno. Zamani tukisoma habari hiyo tulidhani ni woga tu, au ni adabu. Sasa twaifahamu vingine. Mtu anayelipeleka neno la amiri kwa jirani yake, hata kama ni kwa kulikasirikia, amemfikisha amiri katika mitaa ambayo sauti yake isingefika. Lakini wajumbe hawakulificha neno hilo pia. Walikwenda kwa mfalme wakamweleza aliyosema amiri. Walilipeleka kwa mtu mwenye kazi hiyo, basi. Ujumbe wetu wa Jumamosi ile ungefaa kupelekwa kituo cha polisi, au kwa chifu, au hata kwa mwenye duka mwenyewe. Ni hatua 200 kutoka mlangoni petu.

Tena Hezekia hakunyamaza tu. Alikuwa ameziziba chemchemi za nje ya mji, akaleta maji ndani. Mfereji huo upo hata leo, umechimbwa katika mwamba, urefu wake ni zaidi ya mita 500. Wachimbaji walianza pande mbili wakakutana katikati. Aliomba, na alichimba.

Nasi nyumbani twaweza kuchimba kidogo. Mwajua jinsi wezi wa simu wanavyofanya. Sauti ya adabu inakuita kwa jina lako, inasema fedha zimetumwa kwako kwa makosa, au laini yako itafungwa leo, na inakuomba namba yako ya siri. Anajua jina lako. Hilo halimaanishi kwamba anakujua wewe. Siku hizi imezidi, kwa maana kompyuta yaweza kuiga sauti ya mwanao kutokana na maneno machache tu aliyoyanena katika video. Mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walieleza jinsi mfanyakazi wa kampuni moja alivyolipa dola milioni 200 za huko baada ya kuzungumza katika mkutano wa video na watu aliowadhania ni wakubwa wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa kweli.

Wazee wetu walikuwa na desturi nzuri. Mtu akibisha usiku ukamwuliza nani, naye akajibu "mimi", hafunguliwi. Mimi nani? Mwana wa nani? Umetoka wapi? Wala mgeni mwema hakukasirika. Siku hizi twaona haya kuuliza. Twadhani kumwuliza mtu ni kumtukana, na mwizi aijua haya yetu hiyo, ndiyo funguo yake. Sisi nyumbani tumepatana na watoto wetu neno moja, ambalo hatuliandiki popote. Yeyote anayepiga simu akilia kwamba amekamatwa au yuko hospitali anataka fedha, ataulizwa neno hilo kwanza. Na kama hakuna neno, kata simu, kisha wewe mwenyewe upige namba ile unayoijua. Ni shilingi chache, na dakika moja.

Tumebakiwa na muda kidogo. Mwezi uliopita tulipata namba ya yule mwenye duka, kwa msaada wa mtoto wake. Tulikaa siku tatu tukiitazama karatasi. Kisha tukapiga. Tulijitaja majina yetu, na upande wa pili kukawa kimya kwa muda mrefu. Akasema, "Siku hizi sauti zinaigwa, mwalimu. Kama ni ninyi kweli, niambieni deni lenu lilikuwa shilingi ngapi."

Tukamwambia: 740, na sabuni mbili ambazo hazikuandikwa.

Tukasikia kurasa zikifunuliwa. "Sabuni mbili sikuzijua," akasema.

Ndipo tukamwambia ni nani aliyetuma ujumbe ule katika kikundi cha kanisa. Aliyotujibu ni yake na yetu, hatutayasoma katika radio. Lakini ametukubalia twende kumwona, na Jumamosi hii, Mungu akipenda, twapanda basi la asubuhi. Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka juma lijalo.